Ulibeba au Ulibebwa?

Hotuba ya afisa ustawi wa jamii mstaafu kwa maafisa wapya wa halmashauri za Kanda ya Ziwa, Mwanza, kuhusu kukadiria umri wa kijana mkimbizi asiye na karatasi. Imeandikwa upya kwa ajili ya kusomwa.

Mwangaluka!

Asanteni mlioitikia salamu hii ya Kisukuma. Ambao hamkuitikia, jifunzeni kabla hamjaripoti Kwimba na Misungwi, la sivyo mtauziwa nyanya kwa bei ya mgeni.

Mgeni rasmi, wakuu wangu wa zamani, maafisa wenzangu, itifaki imezingatiwa. Nimeambiwa chai ni saa nne kamili, kwa hiyo tuanze na zoezi. Kila mtu anyanyue mkono wa kulia, aupitishe juu ya kichwa, aguse sikio la kushoto. Hivyo hivyo. Vijana naona mnachekana, ila wenye mvi hapa mbele hawacheki. Wanalikumbuka zoezi hili, maana ndilo lililotuingiza shule. Mwalimu mkuu alitupanga mstari chini ya mwembe. Ambaye vidole vyake vilifika sikio la upande wa pili aliandikwa darasa la kwanza, ambaye havikufika alirudi kuchunga ng'ombe mpaka mwaka ujao. Mimi nilirudishwa mara mbili. Kichwa changu mnakiona, hakikunisaidia. Jirani yetu, ambaye mama yake na mama yangu walijifungua msimu mmoja wa kuvuna pamba, alikuwa na mikono mirefu kama makasia, akaingia mara ya kwanza. Mwalimu akatuandikia miaka kufuatana na mikono yetu. Kwa hiyo mwenzangu alistaafu miaka miwili kabla yangu, na mpaka leo tukikutana Kirumba ananidai shikamoo.

Kwangu mimi kosa la mwalimu yule limebaki kichekesho. Kijana aliyevuka mpaka peke yake hana nafasi ya kulicheka. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 na ule wa Afrika wa 1990 nayo inasimama kwenye mstari huo huo, na yote miwili ina kifungu cha mtoto mkimbizi. Sasa mchukue kijana aliyekamatwa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inaposhusha samaki, bila karatasi yoyote. Akiwa na miaka 17 na miezi 11, ni mtoto: analetwa kwako, unamtafutia familia ya kuaminika, unaanza kuwasaka ndugu zake, na maslahi yake yanatangulia mengine yote. Akiwa na miaka 18 na mwezi mmoja, ni mtu mzima aliyeko nchini bila kibali, na gari linalomsubiri nje ni jingine. Tofauti ni miezi miwili, na yeye mwenyewe hajui alizaliwa mwezi gani.

Mtaniuliza: kambi za wakimbizi ziko Kigoma, sisi wa Mwanza yanatuhusu nini? Kweli, Nyarugusu iko Kasulu na Nduta iko Kibondo. Lakini ziwa hili linataka mikono kila usiku. Kijana akichoka kukaa kambini anapita Kakonko, anapita Geita, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hata foleni ya kivuko haimcheleweshi. Akifika Kome, Maisome au Ukerewe, hakuna tajiri wa mtumbwi atakayemuuliza cheti cha kuzaliwa. Ataulizwa kama anaweza kuvuta wavu. Wengine hawakuwahi hata kufika kambini. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mwomba hifadhi ajitokeze mbele ya mamlaka ndani ya siku saba tangu aingie nchini. Mtoto aliyelala juu ya magunia ya mkaa kutoka mpakani ataijua wapi sheria hiyo?

Nitawaeleza kosa langu mwenyewe, maana ya wengine siyajui vizuri kama langu.

Mwaka 2023, nikikaribia kustaafu, nililetewa kijana aliyekutwa kwenye kambi ya wavuvi wa dagaa kisiwani. Alikuwa Mrundi. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama ngozi ya kenge, sauti nzito, ndevu zimeanza kuchungulia kidevuni. Nilimuuliza, "Una miaka mingapi?" Akajibu haraka, kama mwanafunzi aliyekariri, "Kumi na tisa." Nilikuwa na mafaili kumi na moja mezani na simu inaita. Nikaandika 19. Kwenye kisanduku cha tarehe ya kuzaliwa nikaweka 1 Januari 2004. Dakika tano hazikufika. Aliondoka pale akiwa mtu mzima kwa kalamu yangu, akakaa miezi minne mahabusu pamoja na wanaume wenye watoto wa umri wake.

Aliyeligundua kosa ni dada mmoja tuliyekuwa tukifanya naye kazi, mdogo wangu kwa cheo na kwa miaka. Alikwenda kumwona mtu mwingine kabisa, akamkuta kijana yule amekaa pembeni, akaanza naye mazungumzo ya kawaida. Hakumuuliza miaka. Alimuuliza, "Siku mnakimbia kwenu, ulibeba nini?"

Kijana akasema, "Sikubeba. Nilibebwa."

Basi yakatoka. Dada yake mkubwa alimbeba mgongoni kushuka milima mpaka Kagunga, kile kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kilichobanwa na milima, ambako mwezi Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi walikwama na kipindupindu kikawakuta. Waliondolewa kwa meli, wakipelekwa Kigoma mjini kwa zamu. Yeye alipanda Liemba, meli ya tangu enzi za Wajerumani. Humo ndani mama mmoja alimtania kwa sababu hakuwa na meno mawili ya mbele, naye akalia sana, wala si kwa ule utani. Jino la mwisho kung'oka alikuwa amelitupa juu ya paa la nyumba waliyoiacha, akawa anajiuliza jino jipya litamfuataje Tanzania.

Pigeni hesabu wenyewe. Meno ya mbele ya utoto huanza kung'oka mtoto akiwa na miaka sita hivi, saba. Mwenye mapengo Mei 2015 alizaliwa 2008 au 2009. Mwaka 2023 alikuwa na miaka kumi na minne, labda kumi na mitano. Mtu wa miaka kumi na tisa mwaka 2023 alikuwa na kumi na mmoja mwaka ule wa Liemba. Wa kumi na mmoja habebwi mgongoni. Hubebeshwa mdogo wake.

Tuliandika barua kambini. Jibu lilipokuja, dada yake alikuwepo kwenye kumbukumbu za familia, naye mwenyewe alikuwepo: amezaliwa 1 Januari 2009. Nikacheka kicheko kibaya. Mnajua ni wakimbizi wangapi duniani waliozaliwa tarehe mosi Januari? Ni tarehe ya mezani, anaiweka karani asiyekuwa na nyingine, kama nilivyofanya mimi. Kwa hiyo hata karatasi ile ilikuwa makadirio. Ila makadirio ya mtoto mwenye mapengo, dada yake amesimama pembeni akisema huyu ananifuata kwa mimba mbili, hayalingani na makadirio ya viganja vya mvuvi. Kadiri mtoto anavyokua, ndivyo macho yetu yanavyozidi kuwa kipofu juu ya miaka yake. Ukimkosea wa miaka sita, utamkosea kwa mwaka mmoja. Ukimkosea wa kumi na tano ambaye amevuta kamba tangu ana kumi na mbili, utamkosea kwa mitano.

Kwa nini alisema kumi na tisa? Tajiri wake alimfundisha: ukisema wewe ni mtoto watakurudisha, ukisema mkubwa utalipiwa faini utoke. Tajiri mwenyewe hakuonekana tena. Vitabu na semina zimetufundisha kumshuku kijana anayejipunguzia miaka. Kando ya ziwa hili, wengi niliowaona mimi walijiongezea, ili wapate kazi, au wasitenganishwe na kaka mkubwa, au waachwe waende zao. Wasichana ndio zaidi. Utamkuta binti kwenye kibanda cha mama lishe kisiwani, anasema ana kumi na nane, na ukitazama vizuri kuna mwanamume kasimama mlangoni anamsikiliza anavyosema. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019, lakini wanaume wa mlangoni hawasomi hukumu. Mtoe binti pale kwanza, kaa naye mbali na mlango, ndipo uulize.

Baada ya tukio lile nilifanya kile anachofanya kila afisa aliyeogopa: nilikimbilia hospitali. Nilitaka mfupa uniambie namba, nisiwe mimi niliyekosea. Daktari mmoja mtu mzima akanikalisha, akanieleza jambo ambalo ningepaswa kulijua miaka thelathini nyuma. Kitabu kinachotumika mno duniani kusoma umri kwa picha ya eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto ni atlasi ya Greulich na Pyle, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1950. Watoto waliopigwa picha hizo walikuwa Wamarekani weupe wa Cleveland, Ohio, wa familia zenye uwezo, na picha nyingi ni za miaka ya 1930. Zilipigwa ili daktari ajue kama mtoto anakua sawasawa. Hakuna aliyekuwa anamfikiria mtoto wa Makamba kule Burundi au wa Fizi kule Kongo aliyekosa chakula miaka mitatu mfululizo. Njaa na maradhi huchelewesha mfupa, balehe ya mapema huuwahisha. Hata pale kipimo kinapofanya kazi vizuri, jibu lake lina miaka kama miwili ya kupungua au kuzidi. Ripoti ikikuambia 17, isome 15 mpaka 19. Maana yake hujaambiwa lolote kuhusu mstari wa 18, ambao ndio ulioupeleka mkono hospitali. Gego la mwisho na mfupa wa mtulinga navyo vina hadithi kama hiyo.

Wapenzi wa mpira mtanipinga kwamba FIFA inapima vifundo vya mikono kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, na ilianza kupima hivyo mwaka 2009. Ni kweli, na wanatumia mashine ya MRI isiyo na mionzi. Lakini wao wanatafuta jambo moja dogo: mfupa ambao umekwisha kuungana kabisa, ili wamtoe mwenye mfupa huo kwenye mashindano. Wakikosea, timu imepoteza winga. Sisi tukikosea, mtoto analala na wanaume. Kwangu mimi eksirei ni lile sikio la chini ya mwembe, ila lina umeme. Na mionzi tusimpige mtoto ambaye si mgonjwa eti kwa sababu faili lina kisanduku kitupu.

Sasa mazungumzo yenyewe. Usianze na "una miaka mingapi". Hilo ni swali la polisi, na ameshalijibu mara nne kabla hajafika kwako. Anza na chakula. Kisha uliza watu: kwenu mko wangapi, nani kifungua mimba, nani anakufuata wewe, siku mnaondoka huyo anayekufuata alikuwa anatambaa au anakimbia kuku? Mtoto asiyejua mwaka wake anajua alimbeba nani na nani alimbeba. Uliza shule, lakini ujue shule ya huko. Niliwahi kuona ripoti iliyosema kijana wa Kongo "hajamaliza shule ya msingi" kwa sababu aliulizwa kama amemaliza la saba akasema hapana. Kongo shule ya msingi ni miaka sita! Alikuwa amemaliza, amefaulu, na ripoti ikamfanya mtoro.

Lugha nayo ina mitego. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo utapata mkalimani Mha kwa urahisi, na hilo ni jema. Mkalimani anayetoka kambi moja na kijana, au kijiji kimoja, ni jambo jingine: huenda kijana anamwogopa kuliko anavyokuogopa wewe. Na mtoto wa Uvira, Kongo, anaongea Kiswahili, ila si hiki chako. Akikuambia "niko na miaka kumi na sita", usimkatishe kumsahihisha sarufi. Kuna afisa alifanya hivyo mbele yangu, na mtoto hakuongea tena siku ile.

Kisha funga kumbukumbu zake kwenye matukio yenye tarehe. Makarani wa sensa hufanya hivyo kwa wazee wasiojua mwaka wao, na kwa vijana inafaa vile vile ukiwa na matukio yao. Bibi yangu alijua watoto wake kwa njaa na kwa mafuriko. Mtoto wa Goma atakumbuka volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, na hiyo ilikuwa 22 Mei 2021. Alikuwa darasa la ngapi? Mrundi atakumbuka Rais Nkurunziza alipofariki, Juni 2020, au timu yao ya taifa, Intamba mu Rugamba, walipokwenda Misri kwenye AFCON ya 2019, mara yao ya kwanza. Wavulana wakisahau msiba hukumbuka mpira. Aliyekulia visiwani huku atakumbuka MV Nyerere ilipozama karibu na Ukara, Septemba 2018: alikuwa tayari anakwenda kuvua, au alizuiwa na mama asiende ufukweni? Tukio moja halitoshi. Tafuta matatu, uone kama yanakutana. Na yasipokutana usirukie kumwita mwongo. Mtu aliyeona nyumba inachomwa hutanguliza la mwisho na kuchelewesha la kwanza, na pengine miezi mizima haipo kichwani. Mimi mwenyewe mwaka niliofiwa na mke wangu siwezi kuupanga mpaka leo, na nilikuwa na kalenda ukutani.

Kaka pale nyuma anatikisa kichwa tangu nianze. Najua analotaka kusema: wapo watu wazima wanaojifanya watoto, na ukiwaweka na watoto wa kweli utajibu nini? Wapo, kaka. Nimekutana nao. Mmoja alikuwa na watoto wawili. Lakini makosa haya mawili hayana uzito mmoja. Kijana wa miaka ishirini akiingia kwenye nyumba ya watoto, utamwekea chumba chake, utamwangalia, utamhamisha ukijua. Mtoto wa kumi na tano akilala mahabusu ya wakubwa miezi minne, hakuna barua utakayoandika ikarudisha usiku hata mmoja. Ndiyo maana Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, kwenye maoni yake ya jumla namba 6 ya mwaka 2005, ilisema mtu asipimwe kwa sura peke yake, na shaka ikibaki ahesabiwe mtoto. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2013 kuhusu waomba hifadhi ilisema hivyo pia. Na Sheria yetu ya Mtoto inaitaka mahakama, ikiona aliyeletwa mbele yake anaonekana mtoto, ichunguze umri wake badala ya kulimeza lililoandikwa na polisi au na mimi.

Uingereza, ambako kazi hii iko mikononi mwa maafisa wa ustawi kama ninyi, jambo hili lilifika Mahakama Kuu mwaka 2003 katika shauri la kijana aliyeitwa B dhidi ya halmashauri ya Merton, London. Jaji alisema afisa hawezi kuamua kwa kutazama sura tu, isipokuwa pale ambapo jambo liko wazi kabisa. Lazima atoe sababu, na lazima amweleze kijana yale anayoyatilia shaka ili apate kujibu. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu yao ikaongeza kwamba umri ni jambo la kweli lenye jibu moja, na mwisho wake anayeamua ni mahakama, wala si halmashauri. Sisemi tuige kila la kwao. Wao wenyewe bado wanavutana juu ya mambo haya. Ila hilo la kumweleza kijana shaka yako nimelikosa maisha yangu yote ya kazi. Na yule wa Liemba hata ningetaka nisingeweza kumweleza shaka yangu. Sikuwa nayo.

Fomu zetu zina kisanduku kimoja cha tarehe ya kuzaliwa: siku, mwezi, mwaka. Hakina nafasi ya "takriban". Msisubiri wizara ibadilishe fomu. Andika pembeni kwa kalamu ya wino: "Miaka 14 hadi 16, kwa makadirio." Chini yake andika umejuaje: mapengo, Liemba, dada mkubwa, darasa alilofikia, mkalimani alikuwa nani, mlikaa muda gani. Andika pia yaliyokukanganya. Afisa atakayelipokea faili hilo Kibondo, au hakimu, ataona umetembea njia gani, naye ataweza kurudi nyuma ukiwa umepotea. Faili langu lilikuwa na "19" tupu. Hakuna aliyekuwa na pa kuanzia kuniuliza.

Mtaniuliza kijana yuko wapi. Yuko na dada yake. Zaidi ya hapo si habari yangu kuitangaza.

Naona mhudumu ameshasimama mlangoni na chupa za chai. Yule dada niliyewasimulia ameketi safu ya pili, mwenye kitenge cha bluu. Anayo kalenda ya matukio tuliyoianza pamoja, kurasa nane, atawapa nakala. Upande wa Burundi umejaa vizuri. Upande wa Kivu Kusini, hasa Fizi na milima ya juu ya Uvira, una mistari mingi mitupu. Aliyefanya kazi huko, au mwenye ndugu wa huko, amwone kabla ya kunywa chai.